Dawa iliyobaki ndani ya mpira haijafika kwa mtoto



Aliyefanya kazi chini ya mgodi anajua jambo hili bila kufundishwa. Unafika mahali pa kutoboa mwamba, unafunga mpira wa maji kwenye mashini, unafungua robine. Maji hayatoki papo hapo. Kwanza upepo unatoka, mpira unatikisika, kisha ndipo maji yanafika. Mpira ukiwa mrefu, unangoja zaidi. Na mwisho wa zamu, ukifunga robine na kulegeza mpira, maji yote yaliyobaki ndani yanamwagika chini. Hayakutuliza vumbi hata kidogo. Hakuna anayeyalilia, kwa sababu maji ya mgodi ni mengi, na kuna wenzetu wanaolipwa kuyavuta na kuyatoa nje usiku na mchana.

Sasa ondoa maji, weka dawa. Ondoa mashini ya kutoboa, weka mtoto wa kilo 8 mwenye malaria kali, amelala lopitalini na mpira mwembamba umefungwa kwenye mkono wake. Dawa aliyoandikiwa ni mililita 2 na kidogo. Mpira nao unataka kujazwa kwanza, kama ule wa mgodini. Ni nani anayekunywa kwanza, mtoto ao mpira?

Kwa kawaida ukurasa huu unasema juu ya kofia, miwani, viatu na ngazi zilizovunjika. Leo tunaingia lopitalini. Watoto wa watumikaji wanalala pale, na mzazi anayekesha kando ya kitanda anaona mambo mengi ambayo muuguzi mmoja mwenye vitanda 20 hawezi kuyaona yote. Tena mtumikaji wa mgodi anajua mipira, robine na mashini za kuvuta maji kuliko watu wengi wa mjini. Basi na tutumie akili ile ile.

MPIRA UNABEBA KIASI GANI?

Mpira mdogo unaoingia ndani ya mshipa wanganga wanauita kateta. Ni kijiti cha plastiki laini, kifupi kuliko kidole. Nyuma yake kuna mpira mrefu unaopanda mpaka kwenye chupa ya serumu. Katikati mara nyingi kuna viungo, ao kirobine chenye njia tatu, mahali muuguzi anapoingiza dawa kwa seringi. Vitu hivi vyote vina nafasi ndani. Nafasi hiyo inajaa dawa, na dawa iliyomo humo bado haijamgusa mgonjwa. Wafaransa wanaiita nafasi iliyokufa. Ni jina zuri, kwa kuwa dawa iliyolala humo haifanyi kazi yoyote.

Tufanye hesabu ya fundi. Chukua mpira wenye upana wa ndani wa milimita 3 na urefu wa sentimita 150. Unabeba mililita 10 na nusu hivi. Ukichukua mpira wa urefu ule ule lakini wenye upana wa milimita 1 tu, unabeba mililita 1 na kidogo. Upana umegawanywa kwa 3, mzigo wa ndani umegawanywa kwa 9. Fundi wa mabomba hatashangaa.

Kwa mtu mzima anayepokea chupa nzima ya mililita 500, hizo mililita 10 si kitu. Kwa mtoto mdogo mambo yanageuka kabisa. Serumu ya watoto inapita katika kifaa kinachotoa matone madogo, matone 60 kwa mililita 1, wakati kile cha wakubwa mara nyingi kinatoa matone 20. Kwa matone hayo madogo hesabu ni nyepesi: idadi ya matone kwa dakika ndiyo idadi ya mililita kwa saa. Ukihesabu matone 6 kwa dakika, mtoto anapata mililita 6 kwa saa.

Sasa muuguzi anaingiza dawa pale juu, karibu na chupa, kwa sababu ndipo mkono wake unafika kwa urahisi. Ameandika kwenye karatasi: saa 4, dawa imetolewa. Lakini dawa ina safari ya mililita 10 na nusu mbele yake, na inatembea mililita 6 kwa saa. Itaanza kuingia ndani ya mtoto karibu saa 6 kasorobo. Karatasi inasema saa 4, mshipa unasema saa 6 kasorobo, na mtoto mwenye malaria ya kichwa anasikiliza mshipa, hasomi karatasi. Na kama kabla ya hapo mtu ameondoa mpira na kuweka mwingine mpya, dawa ile imekwenda kwenye ndoo ya takataka.

Wanganga wa watoto walianza kulichunguza jambo hili kwa makini mwishoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya hapo, dawa ikikataa kumponya mtoto, wengi walishuku dawa yenyewe, ao ugonjwa. Mpira haukushukiwa.

MALARIA KALI

Wazazi wenye mvi wanakumbuka serumu ya kinini, chupa iliyoning'inia masaa mengi. Ile ilikuwa dawa iliyochanganywa katika maji mengi, na hatari yake kubwa ilikuwa mbio: ikipita haraka, moyo unasumbuka na nguvu ya damu inashuka. Tangu miaka ya 2010 na 2011 wakuu wa afya wa dunia wanashauri atesunate ya sindano kwa watoto wa Afrika wenye malaria kali, baada ya majaribio makubwa yaliyofanywa katika nchi mbalimbali, yetu ikiwa mojawapo. Inaokoa watoto wengi kuliko kinini. Lakini inaingizwa katika maji kidogo sana, na hapo ndipo mpira unaanza kudai sehemu yake.

Chupa ndogo ya miligramu 60 inayeyushwa na kuongezwa maji mpaka inakuwa mililita 6 kwa njia ya mshipa. Kila mililita ina miligramu 10. Mtoto wa chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kila kilo. Mtoto wetu wa kilo 8 basi anahitaji miligramu 24, yaani mililita 2,4. Kati ya mkono wake na seringi kuna kipande cha mpira cha sentimita 14, urefu wa kalamu, chenye upana wa ndani wa milimita 3. Kipande hicho kinabeba mililita 1.

Muuguzi anasukuma mililita 2,4 yote, seringi inabaki tupu, kila mtu anaona kazi imekwisha. Ndani ya kile kipande kidogo bado kuna miligramu 10. Mtoto amepata 14 tu. Zaidi ya theluthi ya dawa imelala mlangoni.

Dawa ya kuondoa hasara hiyo haina gharama: maji ya chumvi safi kidogo, yanayosukumwa nyuma ya dawa polepole, kuifikisha ndani. Muuguzi aliyefundishwa vizuri anajua. Ila usiku, akiwa peke yake, na mtoto mwingine anaanza kutetemeka kitanda cha pili, hatua hiyo ndiyo inayosahauliwa kwanza. Pia kuna shida ya upande wa pili. Dawa iliyosahauliwa ndani ya mpira haitoweki. Inangoja. Atakayekuja baadaye na sindano nyingine ataisukuma yote kwa mara moja, bila kujua. Na kama dawa mbili hazipatani, zinakutana mle ndani. Seftriaksoni, ambayo lopitali zetu nyingi zinaitumia, ikikutana na kalsiamu inafanya chembe ngumu. Mwaka 2007 wakuu wa dawa wa Marekani walitoa onyo kali juu ya jambo hilo kwa sababu ya vifo vya watoto wachanga.

MTOTO WA KILO 2

Tunakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo pagumu kuliko pote.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye kilo 2, ana damu ya mililita 160 ao 170 hivi mwilini mwake yote. Ni kikombe cha chai kisichojaa. Mililita 10 kwake si kitu kidogo, na hata maji ya kusafisha mpira lazima yahesabiwe pamoja na serumu yake ya siku.

Akishikwa na maambukizo siku za kwanza, wanganga wanampa gentamisini pamoja na dawa nyingine. Kwa mtoto mdogo kama huyu, juma la kwanza, ni miligramu 3 kwa kilo, mara moja kwa siku: miligramu 6. Chupa ya wakubwa ina miligramu 40 katika kila mililita. Hesabu inatoa mililita 0,15. Ukitaka kuiona kwa macho, ni matone matatu ya serumu ya wakubwa. Matone matatu, na uhai wa mtu umo ndani yake.

Sasa tazama seringi ya kawaida yenye sindano inayofungwa na kufunguliwa. Pistoni ikifika mwisho kabisa, bado kuna nafasi katika pua ya seringi na katika kikombe cha sindano. Nafasi hiyo inabeba karibu mililita 0,08. Kwa mtu mzima ni bure. Kwa mtoto huyu ni zaidi ya nusu ya dawa yake!

Na hapa kuna mtego ambao hata watu wenye diploma wameuangukia. Muuguzi anavuta dawa mpaka alama ya 0,15. Anaona ni kidogo mno kuisukuma vizuri, basi anavuta maji juu yake, ndani ya seringi ile ile, ili kuizidisha. Anazani anachanganya 0,15. Hapana. Ile 0,08 iliyokuwa imejificha puani inavutwa nayo ndani. Sasa ana 0,23. Mtoto atapata miligramu 9 badala ya 6, mara moja na nusu ya kipimo. Gentamisini ikizidi siku kwa siku inaharibu figo na masikio. Mtoto anapona ugonjwa, anaondoka mzima, na miaka miwili baadaye mama anashangaa kwa nini haitiki akiitwa.

Kwa hiyo nafasi ile ile iliyokufa inaweza kuiba dawa na inaweza kuizidisha. Inategemea mkono. Ndiyo sababu kuna chupa ya gentamisini ya watoto, yenye miligramu 10 kwa mililita. Kwa chupa hiyo, miligramu 6 ni mililita 0,6, na kosa la tone moja halimuui mtu. Lopitali ikiwa na chupa ya wakubwa tu, maji yatangulizwe katika seringi nyingine kubwa na dawa iongezwe humo, tusivute maji juu ya dawa. Tunaandika hili kwa ajili ya wauguzi wetu wanaosoma ukurasa huu, si kwa mzazi kufanya nyumbani. Sindano nyumbani, hapana.

WATU WALIOTENGENEZA VIFAA HIVI

Shida ya kipimo kidogo ni ya zamani. Mwaka 1853, mjini Lyon, Ufaransa, munganga Charles Pravaz alitaka kuingiza dawa kidogo sana ndani ya mshipa wa damu uliovimba. Dawa yenyewe ilikuwa ya chuma, ya kugandisha damu, na ikizidi ingeua. Akafanya majaribio kwa wanyama. Seringi yake ilitengenezwa na fundi wa Paris, Joseph Charrière, na pistoni yake haikusukumwa: ilizungushwa, kama skrubu. Ukizungusha nusu mzunguko, unajua ni matone mangapi yametoka. Kila fundi wa vise na bolti ataelewa uzuri wa akili hiyo.

Charrière huyo huyo ndiye aliyetuachia namba za kupima mipira ya lopitali. Ukiona kwenye karatasi ya mpira namba na herufi CH, gawanya namba kwa 3, umepata milimita za upana wa nje. CH 12 ni milimita 4.

Kwa miaka mingi kilichoingia mshipani kilikuwa sindano ya chuma. Mtoto akigeuka, sindano inatoboa mshipa upande wa pili na dawa inamwagika chini ya ngozi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, huko Boston, Louis Diamond alipitisha mpira wa plastiki katika kitovu cha watoto wachanga ili kuwabadilishia damu. Mwaka 1950, katika kliniki ya Mayo, David Massa na wenzake walionyesha sindano ya chuma iliyovikwa koti la plastiki: unachoma, unatoa chuma, koti linabaki ndani ya mshipa. Kateta za leo ni watoto wa wazo hilo.

Pengine umeona kwamba kateta zina rangi. Rangi hizo si urembo. Ile ya manjano ndiyo ya watoto wadogo, upana wake wa nje ni milimita 0,7. Ya bluu ni kubwa kidogo, kisha ya waridi, kisha ya kijani, ya kijivu, na ya machungwa iliyo pana kuliko zote, milimita 2 hivi. Mtumikaji aliyepondwa mguu na anayepoteza damu anawekewa zile pana na fupi, mbili kama inawezekana, kwa sababu yeye anahitaji mengi na upesi. Mtoto anahitaji kidogo na hakika. Ni kazi mbili, na mpira wa kazi moja haufai kwa nyingine.

KWA NINI TUSITUMIE MPIRA MWEMBAMBA SIKU ZOTE?

Mtu atauliza: kama mpira mwembamba unabeba kidogo, si tuufanye mwembamba kama unywele, tumalize?

Jibu lilipatikana Paris miaka ya 1840. Munganga mmoja, Jean Poiseuille, alipima maji yakipita katika mianzi ya kioo myembamba mno. Aliona kwamba ukipunguza upana wa ndani kuwa nusu, maji yanayopita kwa nguvu ile ile hayawi nusu, wala robo. Yanakuwa sehemu moja ya 16. Urefu nao unazuia, lakini kwa adabu: mpira ukiwa mara mbili kwa urefu, maji yanayopita ni nusu.

Mfundi wa maji ya mgodi ataona mara moja maana yake. Mpira mwembamba sana unataka nguvu ya kusukuma. Katika lopitali kubwa za Ulaya kuna mashini ndogo za umeme zinazosukuma seringi polepole, sehemu ya mililita kwa saa, na kwa mashini hizo mpira mwembamba wa milimita 1 ao pungufu ni kitu kizuri kabisa. Penye umeme unaokatika, serumu inashuka kwa uzito wake tu, na mpira mwembamba mrefu utasimama, damu itaganda kwenye ncha, na tutachoma mtoto tena.

Kwa maoni ya mwandishi, jambo la kutazama kwanza ni ufupi, kabla ya wembamba. Kufupisha mpira kunapunguza dawa inayolala ndani, na hapo hapo kunarahisisha njia. Hakuna hasara, isipokuwa mtoto asiwe na nafasi ya kuuvuta. Kadiri mlango wa dawa unavyokuwa karibu na ngozi, ndivyo dawa kidogo inavyopotea. Kateta nzuri ya mtoto ina mlango wake palepale kwenye mkono. Muuguzi anayeinama sentimita 50 zaidi anafanya kazi ya mashini ya gharama kubwa. Haya si maneno ya kudharau mashini. Ni kwamba mgongo wa muuguzi upo leo.

Wenye viwanda nao wamejaza zile nafasi. Kuna seringi ambazo sindano imeshikamana nazo, kama zile za wagonjwa wa sukari, ambazo zinabakiza mililita 0,002 tu. Kuna nyingine ambazo pistoni ina ncha inayoingia mpaka ndani ya pua na kusukuma tone la mwisho. Zilionekana faida yake wakati wa Korona. Chupa ya chanjo ya Pfizer, ikiongezwa maji, ilikuwa na mililita 2,25, na mtu mmoja alipewa 0,3. Kwa seringi ya kawaida inayopoteza 0,08 kila mara, chupa ilitoshea watu 5 na wa sita alikosa kwa kiasi kidogo mno. Kwa seringi isiyopoteza zaidi ya 0,035 ilitosha watu 6. Januari 2021 wakuu wa dawa wa Ulaya walibadilisha maandishi: watu 6 kwa chupa moja. Katika kila chupa mtu mmoja zaidi alipata chanjo, na kilichobadilika ni pua ya seringi.

FUNDI WA MASHINI ZA MAJI

Mwandishi alikuwa kwenye chumba cha watoto kumtazama mtoto wa ndugu yake, na kitanda cha karibu kulikuwa na fundi mmoja wa mashini za kuvuta maji, ametoka zamu ya usiku, bado na vumbi shingoni. Binti yake alikuwa na malaria kali. Muuguzi alikuja na seringi ya atesunate, akaiingiza katika kiungo cha juu, karibu na chupa, akaandika, akageuka kwenda.

— Mama, samahani, akasema yule fundi. Ile dawa umeiweka pale juu?

— Ndiyo, baba. Imeingia.

— Imeingia katika mpira, mama. Nimehesabu matone, ni 8 kwa dakika. Mpira ni mrefu kuliko mkono wangu mzima. Itamfikia mtoto saa ngapi?

Muuguzi alisimama. Angeweza kukasirika, na wengine wangekasirika. Alitazama mpira, akatazama matone, midomo yake ikihesabu. Mililita 10 kwa mwendo wa 8 kwa saa: saa moja na robo. Akamwita mkubwa wake, wakasema kidogo pembeni, wakaisindikiza dawa polepole kwa maji ya chumvi. Kipimo kilichofuata, baada ya saa 12, kiliingizwa karibu na mkono.

— Baba, wewe unafanya kazi gani? akauliza.

— Ninavuta maji, mama.

Chumba kizima kilicheka, hata mama ya mtoto, ambaye hakuwa amecheka tangu juzi.

Si kila msaada wa jamaa ni mzuri hivyo. Juma lile lile, katika chumba hicho, mjomba wa mtoto mwingine aliona serumu inakwenda polepole, akafungua kigurudumu ili imalizike watu warudi nyumbani. Maji ya masaa mengi yaliingia kwa muda mfupi. Mtoto alianza kupumua kwa shida na wauguzi walikimbia. Alipona, lakini mjomba hakurudi kumtazama kwa aibu.

Basi, baba na mama, kigurudumu msikiguse. Kuuliza, ulizeni, kwa heshima na mapema: dawa imeingizwa wapi, na imesukumwa kwa maji nyuma yake? Matone yakisimama, itaneni na muuguzi, msipige mpira vidole wala kuukamua. Mkono ao mguu ukivimba mahali pa kateta, ukiwa baridi ao mtoto akilia ukiguswa, dawa inakwenda chini ya ngozi na si katika mshipa: mwite muuguzi upesi, hata kama amekuja sasa hivi. Chupa ikiwa tupu na mpira bado umejaa, msidai uondolewe mara moja kwa sababu "imekwisha". Sehemu ya dawa inaweza kuwa bado njiani. Na mtoto asilale juu ya mpira. Mkunjo mdogo chini ya bega unasimamisha serumu nzima, na hilo mama mwenyewe anaweza kulinyoosha bila kumwita mtu.

Kitu cha mwisho ni kadi ya kupima mtoto, ile mnayoacha nyumbani chini ya godoro. Kila hesabu iliyoandikwa hapa inaanza na kilo. Bila kilo za kweli, muuguzi anakisia, na kateta nzuri kuliko zote za dunia itafikisha kipimo kibaya bila kupoteza hata tone. Yule binti wa fundi, walipofika usiku, alikisiwa kilo 10, kwa sababu alikuwa amefungwa katika blanketi mbili. Mama yake ndiye aliyetoa kadi katika kitenge: kilo 8, imepimwa siku 9 kabla.